Siku Moja Katika Nyumba Salama

Ndugu msomaji, huenda umesikia watu wakizungumza habari za nyumba salama, mnadani au kisimani. Huenda umesikia pia mabaya yake: kwamba mabinti hufichwa humo wasionane tena na wazazi wao, kwamba hufundishwa uvivu na kiburi, hata kwamba huuzwa. Katika somo hili tutaingia ndani ya nyumba hiyo na kuifuata siku moja, tangu alfajiri mpaka taa zinapozimwa. Soma polepole. Ukikutana na jambo usilolikubali, liwekee alama kwa penseli, mpate kulijadili darasani.

Nyumba salama ni makao ya muda ya watoto na wasichana waliokimbia hatari nyumbani kwao. Katika Mkoa wa Mara zimekuwapo nyumba za namna hii Masanga, Wilaya ya Tarime, na Mugumu, Wilaya ya Serengeti. Wengi waliopokelewa huko walikimbia ukeketaji. Wengine walikimbia kuozwa wakiwa bado watoto. Wachache walikimbia kipigo, au mtu wa nyumbani aliyewadhulumu. Nyumba hizi hazifanani katika kila jambo, lakini mwendo wa siku unakaribiana.

Kabla hatujaanza, fikiri kidogo juu ya yule anayekimbia. Msichana wa Kikurya asiyekeketwa huitwa msagane. Neno hilo hutumiwa kama tusi. Binti huimbiwa na wenzake, huchekwa njiani, na baba yake huambiwa kwamba hatapata ng'ombe wa kutosha. Kwa hiyo binti anayekimbia hakimbii kisu tu. Anawaacha mama yake, wadogo zake, shule yake na jina lake jema kijijini. Hakuna mtoto anayefanya hivyo kwa mchezo.

Usiku wa kufika

Tuseme ni mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa. Katika koo nyingi huu ndio wakati wa ngariba. Binti wa miaka 12, wa darasa la sita, amesikia shangazi yake akinong'ona na mama jikoni. Ameona khanga mpya zimenunuliwa na mahindi yamelowekwa kwa pombe. Ameelewa. Usiku anatoka kama aendaye chooni, anapita shambani, anakwenda kugonga mlango wa mwalimu wake. Mwalimu anampeleka polisi, na polisi wanampeleka nyumba salama. Anafika saa sita usiku, miguu ina miiba, hana kitu mkononi.

Mlezi wa zamu hamwulizi mengi. Humwambia, "Karibu mwanangu. Umefika. Kula kwanza." Humpa maji ya moto ya kuoga, chakula, gauni safi na kitanda. Maswali hungoja asubuhi. Iko sababu. Mtoto mwenye hofu na usingizi huchanganya maneno, na maneno yale yataandikwa na huenda yakasomwa mahakamani. Tena mtoto anayehojiwa kabla hajala huona kwamba amefanya kosa.

Kesho yake daftari hufunguliwa. Huandikwa jina lake, umri, kijiji, shule na darasa. Huulizwa kama ameumizwa, na akiwa ameumizwa hupelekwa zahanati au hospitali. Halafu huulizwa swali moja ambalo wengi hawalitarajii: "Nyumbani kwenu, nani unamwamini?" Mmoja atasema bibi mzaa mama. Mwingine atasema kaka yake aliye Musoma. Jibu hilo huandikwa kwa uangalifu sana, maana njia ya kumrudisha huanzia hapo.

Siku hiyo hiyo taarifa hupelekwa kwa Ofisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wazazi nao hupelekewa habari kwamba mtoto yu hai na yu salama. Basi ukisikia mtu anasema nyumba inaiba watoto, mwulize kama aliwahi kumwona mwizi anayeandikisha mali polisi.

Asubuhi

Saa 11:30 alfajiri kengele hugongwa. Mara nyingi kengele yenyewe ni chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa mtini, kama shuleni. Wasichana huamka, hutandika vitanda, hukunja vyandarua. Mwenye zamu ya kufagia hufagia uwanja, mwenye zamu ya maji hubeba ndoo, mwenye zamu ya jiko huwasha moto. Wakubwa huwasaidia wadogo kuoga. Saa 1 kamili ni uji, mara nyingi wa ulezi au wa mahindi.

Zamu hubandikwa ukutani kila Jumapili jioni. Kila msichana hutafuta jina lake mwenyewe. Asiyejua kusoma, na wapo waliotolewa shule mapema au hawakupelekwa kabisa, husomewa na mwenzake. Baada ya majuma machache jina lake hulitambua, kisha na majina ya wenzake. Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima wajua furaha ya siku ile.

Mgeni akiona ratiba hii husema ni ya kijeshi. Sivyo. Mtoto aliyeishi majuma mengi akisikiliza minong'ono, bila kujua kesho atafanywa nini, hushtuka hata kuku akiparua. Hapa anajua: baada ya uji ni kufagia, baada ya kufagia ni masomo, baada ya masomo ni chakula. Kesho itakuwa hivyo hivyo. Siku za kwanza wengi hukaa kando, hawasemi, hula kidogo. Walezi hawawasukumi. Huwapa kazi nyepesi, kama kuchambua maharage pamoja na wengine, mikono iwe na shughuli na masikio yasikie wenzao wakicheka.

Saa 2 ni masomo. Shule zikiwa wazi, wasichana huvaa sare na kwenda shule za jirani, wakifuatana kwa kundi. Mwezi wa Desemba hakuna shule, basi hufundishwa pale pale, chini ya mti au ukumbini: kusoma, kuandika, hesabu, Kiingereza. Aliyemaliza darasa la saba hungoja matokeo yake kwa wasiwasi kama mtoto mwingine yeyote. Na matokeo yakiwa mazuri, lazima apatikane mtu wa kumnunulia godoro, sanduku na viatu.

Jikoni na shambani

Aliyeanza kueneza habari za uvivu bila shaka hajawahi kusonga ugali wa watu 40. Wasichana wa zamu hupika wenyewe, wakisimamiwa na mpishi. Sufuria ni kubwa, mwiko ni kama kasia, na moshi wa kuni ni ule ule wa nyumbani. Chakula cha mchana ni ugali na maharage, au ugali na dagaa wa Ziwa Viktoria, pamoja na mchicha au sukuma wiki kutoka bustanini.

Jikoni ndiko hesabu zinakofundishwa vizuri. Hebu piga hesabu hii pamoja nao. Kila msichana anahitaji robo kilo ya unga kwa mlo mmoja. Wasichana ni 40. Je, ni kilo ngapi kwa mlo? Ni kilo 10. Kwa milo miwili, mchana na jioni, ni kilo 20 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 600, yaani magunia 6 ya kilo 100. Hapo hatujataja maharage, mafuta, chumvi, sabuni wala kuni. Na Desemba wasichana wakiongezeka ghafla, hesabu yote huvunjika. Nyumba hizi huishi kwa michango na misaada. Kijiji kinachopeleka hata debe moja la mahindi kinajua kwamba chakula hicho kinaliwa na watoto wake.

Alasiri ni wakati wa ufundi. Wapo wanaojifunza cherehani, kwanza kushona mstari ulionyooka kwenye kitambaa kikuukuu, halafu sketi ya shule, halafu gauni. Wengine hushona pedi za kitambaa zinazofuliwa, ambazo huwafaa wenyewe wasikose shule siku za hedhi. Wengine hufuma, wengine hulima. Fundi huwapima kwa kazi, haulizi umetoka ukoo gani. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana mabinti wa koo zinazogombana huko nje hukaa benchi moja na kuazimana mikasi.

Mara kadhaa kwa juma liko somo la mwili na la sheria. Mwuguzi au mwalimu hueleza wazi jinsi mwili wa mwanamke ulivyo, na ukeketaji unavyouharibu: damu nyingi, pepopunda na maambukizo, mkojo kuzuilika, maumivu ya miaka, kuchanika wakati wa kujifungua. Wapo mabinti waliokuwa wakifikiri dada yao alikufa kwa kurogwa, hata waliposikia somo hili.

Katika sheria hufundishwa kwamba Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998. Sheria hiyo ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, na ikaweka kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hapatakiwi ngariba peke yake kujibu. Mzazi au mlezi aliyempeleka mtoto anaweza kushtakiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo iliwataka watu wanaojua kwamba mtoto anadhulumiwa watoe taarifa.

Je, mila hii haiwezi kuondoka? Tazama tarakimu. Mwaka 1996 uchunguzi wa afya nchini ulionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 10. Mwaka 2022 walikuwa 8. Mkoani Mara kiwango bado ni kikubwa kuliko hicho cha nchi nzima.

Jioni na usiku

Jua likianza kupungua, wasichana hufua, husukana nywele, hucheza mdako na kuruka kamba. Baada ya chakula huimba. Nyimbo ni zile zile za nyumbani, za mavuno, za kubembeleza watoto, za kusifu ng'ombe. Mwenye lugha nyingine hufundisha za kwao. Basi usidhani kwamba nyumba salama imetupa mila zote. Imekataa moja inayokata mwili wa mtoto, na zilizobaki zinaimbwa kila jioni.

Kila mtu husali kwa dini yake, na asiyetaka kusali halazimishwi. Saa 3 usiku taa huzimwa. Lango hufungwa kwa ndani na mlinzi hukaa macho. Mlezi mmoja hulala karibu na mlango wa bweni, kwa sababu usiku ndipo kilio hutoka. Anayelia humkumbuka mama yake. Ndiyo, mama yule yule aliyenunua khanga mpya. Mlezi mwenye busara hamwambii kwamba mama yake ni mbaya. Humwambia tu, "Mama yako naye yuko mashakani. Lala, mwanangu. Kesho tutazungumza."

Lango hilo husemwa vibaya na wengi. Lakini limefungwa kwa sababu ndugu huja usiku, wengine kwa maneno laini, wengine kwa fimbo. Mzazi anayetaka kumwona mtoto wake afike mchana, aandike jina lake katika kitabu cha wageni. Mtoto ataulizwa kama yu tayari. Akikubali, watakaa pamoja, na mlezi atakuwapo karibu. Kupiga picha za wasichana na kuzituma kwa simu ni marufuku. Picha moja yaweza kumwonyesha anayemtafuta mahali alipo, au kumfuata binti kwa aibu mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Karatasi ya kurudi

Sasa tumefika mahali pagumu. Nyumba salama haikujengwa watoto wakulie humo. Hata iwe safi namna gani, mlezi mmoja mwenye watoto 30 hawezi kuwa mama wa kila mmoja. Ndiyo maana kazi ya kumrudisha binti huanza mapema. Ofisa Ustawi, polisi na mfanyakazi wa nyumba huenda kijijini. Humtafuta yule aliyetajwa katika daftari, bibi au kaka, huzungumza naye kwanza, kisha na mama, kisha na baba. Wakati mwingine hurudi mara tatu, mara nne.

Wazazi wakikubali, kikao hufanywa mbele ya viongozi na karatasi ya ahadi huandikwa. Msomaji, hapa kisomo chako kina kazi. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Isome yote, au isomwe kwa sauti mbele ya kila mtu. Tazama kama jina la mtoto na umri wake vimeandikwa sawa. Tazama kama wazazi wameahidi kwamba hatakeketwa, hataozwa, hatapigwa wala kutukanwa kwa sababu ya kukimbia, na kwamba atarudi shule. Tazama kama imeandikwa nani atakuja kumtembelea. Karatasi isiyosema nani atakuja kumtembelea ni karatasi dhaifu, maana hatari haiishi Januari. Desemba nyingine itakuja, na wadogo zake wanakua.

Wapo akina baba wanaokataa katakata. Husema, "Akirudi bila kukeketwa, si mwanangu." Mama akimtetea binti, naye hupigwa au hufukuzwa. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto harudishwi. Hupelekwa kwa jamaa mwenye kuaminika, au hubaki nyumba salama na kuendelea na shule, mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Wapo waliotoka humo wakiwa mafundi cherehani wenye kujitegemea, na baba aliyekataa akaja baadaye kuamkiwa. Wapo pia ambao baba zao hawakuja kabisa. Si haki kukudanganya kwamba kila habari huisha kwa sherehe.

Binti anaporudi, kijiji kizima hupimwa. Ukimwona kisimani, msalimie kama zamani. Usimwulize mambo ya nyumba salama mbele ya watu. Ukisikia watoto wako wanamwita msagane, wakemee papo hapo. Mama yake ukimwona anakaa peke yake kwenye kikundi, mkaribie. Wengi waliorudi na kukimbia tena hawakukimbia kisu mara ya pili. Walikimbia maneno.

Ukigongewa mlango

Huenda wewe ndiye utakayegongewa usiku. Mfungulie mtoto. Mpe maji na chakula. Usimrudishe kwao usiku ule, hata kama baba yake ni rafiki yako wa miaka mingi, wala usimfiche siku nyingi kimya kimya, maana utaonekana umemtorosha. Mpeleke mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mwalimu au kituo cha polisi, ukifuatana na mtu mzima wa pili awe shahidi. Ukiwa na shaka kwamba kiongozi wa karibu yumo katika mpango wa kukeketa, mruke, nenda polisi. Unaweza pia kupiga simu namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto. Haitozwi malipo. Utaulizwa mtoto yuko wapi, ana umri gani na hatari yenyewe ni ipi. Andika majibu hayo kwenye karatasi kabla hujapiga, usije ukababaika.

Maswali ya kujadili darasani

Kwa nini mlezi hamhoji mtoto usiku ule anapofika?

Baba mmoja anasema, "Nyumba ile imenipokonya binti na ng'ombe wangu." Mtamjibu nini, ninyi majirani zake?

Katika kijiji chenu, mtoto aliye hatarini usiku wa manane angekimbilia kwa nani? Tajeni watu watatu. Je, watu hao wanajua kwamba ninyi mmewataja?

Zoezi la hesabu

Nyumba ina wasichana 40. Mwezi wa Desemba wanakuja wengine 20. Kila mmoja anakula robo kilo ya unga kwa mlo, milo miwili kwa siku. Zitahitajika kilo ngapi za unga kwa siku 10?

Zoezi la kuandika

Binti wa jirani yako yuko nyumba salama mwezi wa pili sasa. Mama yake hajui kuandika, naye amekuomba umwandikie barua. Anataka binti ajue kwamba mbuzi wake amezaa, kwamba mdogo wake anamwulizia kila siku, na kwamba yeye mama amezungumza na baba. Iandike barua hiyo kwa mistari 8, kisha umsomee mama kwa sauti kabla ya kuifunga.